Ukurasa wa Watani

Handeni, Jumatano 4 Machi 2009

Tumerudi jana kutoka mafunzoni Korogwe. Mwalimu wetu Dorkasi, binti wa Kipare aliyetumwa na mradi kutoka Dar, anataka kila mkutubi afungue ukurasa wake kwenye mtandao, aandike ya moyoni, watu wasome na kuacha maoni. Ya moyoni mwangu nitayaweka kwenye daftari hili, na maoni ya mtu sitaki. Nina miaka hamsini na tatu. Ile mausi ya kompyuta inanitoka mkononi kama sabuni, na kijana wa mradi aliyekaa nyuma yangu alikuwa anacheka kila nikiinyanyua juu kutafuta mshale wake umeenda wapi.

Niandike mambo yalivyo, isije ikasemwa baadaye kwamba sikuelewa. Vyumba vya kusomea ni viwili: hiki changu cha Handeni na kile cha Korogwe. Vilikuwa mali ya shamba la mkonge enzi shamba likiwa la serikali. Lilipouzwa, mnunuzi akachukua mashine, akaacha vitabu. Tangu hapo tunaishi kwa wafadhili, na sasa wafadhili wamechoka na vyumba vya watu kukaa kimya. Wanataka maktaba inayozungumza na wasomaji wake. Wametufungulia ukurasa mmoja kwa vyumba vyote viwili, una mahali pa kuuliza, pa kujibu, pa kupiga kura na pa kuacha maoni. Masika yakiisha watatazama sauti za wasomaji ni ngapi. Zikiwa haba, cha Korogwe kitabaki kwa sababu kiko barabara kuu. Changu kitafungwa.

Dorkasi aliyasema haya kwa upole, amenishika bega. "Usiogope, Mama Mwantumu, ni rahisi tu." Rahisi! Mng'oa meno naye husema hivyo hivyo.

Mvua bado.

Alhamisi 5 Machi

Umeme hakuna siku nzima. Maktaba yetu haikuzungumza na mtu.

Jumatatu 9 Machi

Maulidi. Sikufungua. Nilikwenda Misima kwa dada yangu. Shamba limelimwa, linangoja mvua, na yeye anangoja mlangoni kama mtu aliyeahidiwa mgeni.

Jumatano 11 Machi

Leo tumepata maoni ya kwanza! Mtu kutoka ng'ambo, kwa Kiingereza, anasema ukurasa wetu ni mzuri mno na atawaambia rafiki zake. Wallahi nilisimama kwenye kiti. Nikamjibu kwa adabu, kwa Kiingereza changu cha shule ya kati, nikamweleza historia ya chumba, nikamkaribisha Handeni, nikamuuliza na hali ya familia yake. Mchana Dorkasi akanipigia simu, sauti inamtetemeka kwa kicheko alichokizuia. Yule si mtu. Ni mashine inayozunguka mitandaoni ikiuza vidonge vya kupunguza unene.

Handeni, mwaka huu, vidonge vya kupunguza unene!

Resian alicheka mpaka akajifunika uso kwa shuka yake. Huyu ndiye msomaji wangu mmoja ambaye hakosi. Ametoka kwa wafugaji, ana watoto wawili, na siku za gulio, Jumatano na Jumamosi, huja mjini na maziwa. Akishayauza anaingia kwangu, anakaa chini ya dirisha mpaka jua linageuka. Anajiandaa na mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, mwezi wa kumi mwaka huu. Mumewe Lomayani amemruhusu kwa sharti kwamba vitabu visiingie bomani, maana mama mkwe anasema vinafundisha wanawake kiburi. Kwa hiyo anachokisoma anakisomea hapa, au hakisomi.

"Mama, wakifunga hapa?" aliniuliza.

Nikamwambia hawafungi. Sijui niliupata wapi ujasiri huo.

Jumanne 17 Machi

Nimejifunza kuweka kura. Nikauliza: "Je, unapenda kusoma?" Kura moja, ya ndiyo. Ni mimi.

Jumatano 18 Machi

Kura mbili! Nilifurahi kwa muda wa kunywa kikombe cha chai. Kisha simu ikalia, Simeo wa Korogwe.

"Mtumwa wangu, kura ya pili ni yangu. Nilikuhurumia."

Simeo ndiye mkutubi mwenzangu wa kule. Umri wetu mmoja. Amezaliwa kwenye kambi za wakata mkonge Ngombezi; babu yake Mnyamwezi, alikuja kama manamba, kibarua wa mkataba, akafia huko. Mimi Mzigua wa Misima. Wanyamwezi na Wazigua ni watani tangu enzi za misafara ya miguu, kwa hiyo mimi na Simeo tulirithishwa matusi kabla hatujaonana. Miaka kumi na tisa ya kazi sijamsikia akiniita jina langu. Siku nilipofiwa na mume wangu alikuja na wenzake wanne, wakavaa makoti ya marehemu, wakamwiga anavyokohoa na kudai chai, wakatangaza kwamba mjane wamemchukua wao kwa kuwa ni mali yao. Nilicheka na machozi yananitoka. Bila wao sijui ningefikaje siku ya tatu.

Jumatatu 23 Machi

Dorkasi amepiga. Ukurasa umekufa, anasema, na ripoti ya robo ya kwanza inaandikwa. Nikamweleza: watu wanakuja, wanaizunguka kompyuta, wanazungumza mpaka nawanyamazisha. Ila hakuna anayeandika. Mikono hawana imani nayo.

"Mtandao wa siku hizi si ubao wa matangazo, mama. Ni baraza. Waache wazungumze kama barazani."

Jumamosi 28 Machi

Mwe! Simeo ameniua.

Nimefungua asubuhi nikakuta ukurasa una maandishi mapya, yamezungushiwa mistari myeusi. Nayanakili hapa kama yalivyo:

"TANZIA. Ukoo wa Wanyamwezi wa Ngombezi unasikitika, kidogo tu, kutangaza kifo cha mtumwa wao Mwantumu binti Mhina wa Handeni. Amekufa kwa njaa, kama ilivyo desturi ya kwao. Mazishi yatafanyika akiamka. Watani wafike mapema, kuku wapo na mchoyo mwenyewe hayupo wa kuwazuia."

Nilipiga ukelele. Mzee Semboja, fundi cherehani anayeshonea barazani kwetu, akaingia akidhani nimeona nyoka. Nikamsomea. Mzee wa miaka sabini na kitu, tangu nimjue hajawahi kuivuka rafu ya kwanza ya vitabu. Akavuta kiti mbele ya kompyuta, akakunja mikono ya kanzu.

"Andika," akaniamuru. "Andika ninavyosema, usipunguze."

Nikaandika: "Sisi Wazigua tumeona tangazo. Mtumwa haandiki tanzia ya bwana wake. Simeo, babu yako tulimnunua kwa kibaba cha chumvi alipopita hapa amebeba pembe, na chumvi yenyewe ilikuwa imelowa. Rudi ubebe mzigo wako, tumekutunzia. Wako mwenye mali, Semboja."

Kufika saa nane wanawake wa Ngombezi walikuwa wameshajibu, Simeo akiwaandikia: "Handeni mnasoma vitabu kwa sababu hamna cha kupika. Tukifika tutavichemsha tuone kama vinatoa mafuta." Chumba kizima kilikuwa kinagonga meza. Muuza chapati alimwacha mteja wake nje akaingia kujibu.

Resian alikuwa ameshusha kalamu. "Mama, hawa wanatukanana?"

"Hapana, mwanangu. Wanapendana."

Akafikiri. "Kwetu ukimwita mtu hivyo, mnachukua fimbo."

"Na hapa ukimwita hivyo asiye mtani wako, mtachukua mapanga. Mtani ndiye pekee unayeweza kumwambia."

Jumatatu 30 Machi

Mvua! Imenyesha kuanzia alfajiri mpaka adhuhuri, nzito, ya haki. Dada amenipigia kutoka Misima, wanapanda.

Ukurasa umejaa. Nimekaa mbele ya hiyo kompyuta tangu asubuhi, kiuno kinaniuma, na mausi sasa inaniheshimu.

Jumanne 7 Aprili

Niseme kweli, sijawahi kuipenda kazi hii hivi. Watu wanapanga foleni kuniamuru niandike. Na katikati ya matani yanaingia mengine. Mtu wa Mpale, upande wa Korogwe, ameandika kwamba Wazigua wafundishwe kupanda mtama, maana mahindi yamewakataa, ili wasife wote akakosa wa kuwazika. Mzee Semboja akajibu kwamba mtama tunaujua tangu babu za mtu huyo wanatembea kwa mikono. Lakini jioni, watu wamepungua, akaniuliza taratibu kama kuna kitabu cha mtama. Hakuna. Nikauliza kwenye ukurasa. Simeo akajibu kwamba kipo Korogwe, na kwamba atamtuma mtumwa wake akilete, yaani mimi niende nikichukue.

Kimekuja na basi leo. Wanne wameshajiandikisha kukiazima.

Dorkasi amepiga: "Mama Mwantumu, mmefanya nini huko? Ninyi ndio wa kwanza mkoa mzima!" Sauti yake ilikuwa ya mtoto aliyepewa peremende. Nikamwambia tumezungumza kama barazani.

Jumatano 15 Aprili

Jua. Resian amefaulu karatasi ya mazoezi ya historia, nimemsahihishia mwenyewe. Aliikunja akaitia kifuani.

Jumatano 22 Aprili

Jua. Mahindi ya dada yamefika gotini na yamekunja majani.

Ijumaa 24 Aprili

Jua.

Jumanne 28 Aprili

Dorkasi amekuja mwenyewe, kwa gari la mradi, bila taarifa. Nilimkaribisha nikidhani amekuja kutupongeza; nikamtuma Mzee Semboja aagize chapati. Hakula. Alinikalisha kwenye kiti changu kama vile mgeni ni mimi.

Ukurasa wetu umetafsiriwa. Ripoti ya robo ilipokwenda kwa wafadhili, walitaka kuona ni nini hicho kinachovuta watu namna hii, wakamlipa mtu awafasirie neno kwa neno. Akanionyesha. Kiingereza changu si kikubwa, lakini nilielewa. Mtumwa. Mtumwa. Tulimnunua. Amekufa kwa njaa, kidogo tu tunasikitika. Kwa lugha ile, kwenye karatasi ile nyeupe, hata mimi niliona aibu, nikatazama mlango kama umefungwa.

"Lakini huu ni utani," nikasema.

"Mama, mimi Mpare. Wachaga wakija msibani kwetu wanalala pembeni mwa maiti wanadai blanketi. Najua. Nilicheka mwenyewe nikiusoma."

"Basi waeleze."

"Nimeeleza. Kurasa mbili. Wamejibu kwamba wanaheshimu mila zetu, ila hawawezi kuweka nembo yao juu ya ukurasa unaowaita watu watumwa."

"Aliyeitwa mtumwa amelalamika?"

"Hapana."

"Basi nani amelalamika?"

Dorkasi akainama akafunga mkoba wake, akaufungua tena. Ni mwanamke mzuri. Ningempenda zaidi angekuwa mbaya.

Wanachotaka ni hiki: maneno yale yote yafutwe, na mahali pake iwekwe radhi, kwa maneno yaliyoandikwa na ofisi. Mwisho Ijumaa. Wasipoiona, pesa za vyumba vyote viwili zinasimama siku hiyo hiyo.

"Nikifuta, chumba changu kinabaki?"

"Ukifuta, nitakuwa na la kuwaambia."

Hakusema ndiyo. Mimi nilisikia ndiyo, kwa sababu ndiyo niliyokuwa naitaka.

Jumatano 29 Aprili

Nimempigia Simeo. Mara ya kwanza katika maisha yetu tumezungumza simu nzima bila yeye kunitukana.

"Futa," akasema. "Vya kufutwa vifute, wao ndio wenye mashine. Ila radhi usiombe."

"Ndiyo wanayoitaka, Simeo."

"Sikia, binti Mhina. Mtani haombwi radhi. Ukimwomba radhi umemwambia kwamba siku zote zile ulikuwa unamtukana kweli, na yeye alikuwa anakutukana kweli. Wazee wa huku watasemaje? Mama yangu anasomewa ule ukurasa kila jioni. Aliandika kwa kinywa chake."

"Vyumba vitafungwa."

"Changu pia. Sikutishwa mimi."

"Wewe uko barabara kuu," nikamjibu kwa hasira. "Wewe watakurudia. Mimi hawatanirudia."

Ulikuwa ukweli, na wote tuliujua. Tukaagana.

Mchana huu Resian alikuwa chini ya dirisha akitafuta kipeo cha pili cha kitu, anahesabu kwa midomo. Nilimtazama muda mrefu.

Ijumaa 1 Mei

Sikukuu ya wafanyakazi. Nimekuja peke yangu, nimejifungia, nimefuta.

Nilidhani kuna mahali unabonyeza mara moja vyote vinaondoka. Hapana. Unachagua moja, mashine inakuuliza kama una hakika, unasema ndiyo, inaondoka. Kisha nyingine. Nilisoma kila neno upya kabla halijaondoka. Nilicheka peke yangu kwenye ile ya kuchemsha vitabu, mkono ukiwa juu ya mausi, kisha nikaifuta nayo.

Halafu nikaandika walichonipa:

"Uongozi wa maktaba unaomba radhi kwa lugha ya matusi na ubaguzi iliyotumiwa na baadhi ya wasomaji. Lugha hiyo haitavumiliwa tena."

Najua kutumia kila kitu cha mtandao sasa. Dorkasi anaweza kunipa cheti.

Jumamosi 2 Mei

Mzee Semboja aliingia asubuhi, akavuta kiti kama kawaida yake, akakunja mikono ya kanzu.

"Wamejibu nini watumwa?"

Sikuweza kumwambia. Nikageuza kompyuta imwelekee. Anasoma polepole, kidole kikifuata mstari, na midomo inatamka. Alifika mwisho, akarudi mwanzo.

"Mwantumu," akasema, "hawa baadhi ya wasomaji ndio mimi?"

"Mzee, nisamehe. Ni maneno ya ofisi."

"Mkono ni wa nani?"

Akashusha mikono ya kanzu, akavifunga vifungo vyake kimoja kimoja. Akarudi barazani kwenye cherehani yake. Shikamoo yangu ya jioni aliipokea, marahaba, kwa sauti ya kumpokea mtu wa benki.

Jumatano 6 Mei

Hakuna aliyeandika. Resian alisoma.

Jumatatu 11 Mei

Niliuliza kwenye ukurasa: "Mnapenda vitabu gani tuviagize?" Hakuna.

Jumatatu 18 Mei

Nimeweka kura tena. Kura moja.

Manyunyu kidogo usiku, hayakulowesha hata vumbi. Dada anasema hata ikinyesha sasa itawafaa magugu tu.

Alhamisi 21 Mei

Nimeshindwa kuvumilia, nimekwenda Ngombezi. Sikwenda ofisini kwa Simeo. Nilikwenda kambini, kwa mama yake, nikamkute nyumbani mbele ya wazee wake, jambo lizungumzwe liishe. Nilijiandaa. Njiani nilikuwa natunga matusi, mazuri, ya kuanzia mlangoni, niwaambie nimekuja kuhesabu mali yangu kama imetimia.

Mama yake alikuwa amekaa kwenye mkeka. Aliponiona akataka kunyanyuka, bibi wa miaka ile, ananinyanyukia mimi! Akaniambia nikae kwenye kiti. Kiti! Nimekwenda nyumba ile mara ngapi, nikafukuzwa kwa ufagio, nikaambiwa nikoge kwanza mtoni ndipo niingie, nikapewa ugali kwenye kifuniko cha sufuria. Leo nimewekewa kiti na chai ya maziwa kwenye kikombe chenye kisahani.

"Poleni na ukame huko kwenu, mama," bibi akasema. "Mungu awasaidie."

Mwe. Mnyamwezi akimpa Mzigua pole ya njaa, kwa moyo mnyofu. Yale matusi yangu yote yakakauka kinywani.

Simeo aliporudi kazini alinisindikiza mpaka kituoni. Nilimwambia, "Nitukane basi." Akatazama mkonge.

"Nikutukane vipi? Wewe mwenyewe umeandika kwamba ni matusi. Zamani nikikuita mtumwa, dunia nzima inajua nimekuita ndugu. Leo nikikuita, nimekuita mtumwa."

"Nilikuwa nakiokoa chumba."

"Najua," akasema. Wala hakuwa na hasira. Ningeshukuru angekuwa nayo. "Nakuelewa kabisa, mama."

Mama! Tumezaliwa mwaka mmoja.

Jumatatu 1 Juni

Masika yamekwisha, kama yaliwahi kuwapo. Dada ameng'oa mahindi awape mbuzi.

Ijumaa 12 Juni

Dorkasi amepiga. Nilijua kabla hajasalimia.

Wafadhili wamefungua ukurasa wakatazama sauti za wasomaji, masika yote. Wamekuta maoni ya vidonge vya kupunguza unene, majibu yangu kwayo, kura mbili tatu, na radhi.

"Lakini zilikuwepo," nikasema. "Wewe mwenyewe ulituambia sisi wa kwanza mkoa mzima!"

"Zilizofutwa hazihesabiki, mama. Kwenye mashine ni kama hazikuandikwa."

"Wao ndio walioniambia nifute, Dorkasi."

"Najua, mama."

"Sasa ningefanya nini?"

Alikuwa analia, nilimsikia. Mimi sikulia. Nilimuuliza kama radhi inaweza kufutwa, akasema hiyo wanaomba ibaki, ni kielelezo cha kujifunza.

Jumatano 17 Juni

Nimemwambia Resian. Alisikiliza mpaka mwisho, kidole bado kiko kwenye mstari aliokuwa anausoma.

"Vitabu vinakwenda wapi?"

"Korogwe."

"Korogwe nitauza maziwa kwa nani, mama?"

Nikamwambia nitaomba, nitamtafutia, nitazungumza na Lomayani kuhusu vitabu kuingia bomani, kama mama mkwe atakubali. Akaitikia kila neno kwa kichwa, kwa heshima, kama watu wanavyomwitikia mgonjwa. Kisha akaniomba niache taa, atamalizia sura aliyoianza. Akakaa mpaka giza likaingia, jambo ambalo hajawahi kulifanya, na sijui amejibu nini huko bomani kwa kuchelewa.

Jumamosi 20 Juni

Resian hakuja. Maziwa aliyaleta msichana mwingine.

Jumatano 24 Juni

Hakuja.

Jumamosi 27 Juni

Simeo amekuja na pikapu kuchukua vitabu. Nilikuwa nimeshavipanga kwenye maboksi. Akasimama mlangoni mpaka nilipomwambia karibu.

"Habari za asubuhi, mama."

"Nzuri. Mmeamkaje Ngombezi?"

"Tunamshukuru Mungu."

Akavua shati la kazi, akabaki na fulana, akaanza kubeba. Dereva alibaki kwenye usukani na redio yake. Mimi nilikuwa naandika namba kwenye maboksi, kazi isiyohitajika, maana yameandikwa tayari. Mzee Semboja barazani alikuwa anashona sare ya shule. Hakuna aliyesema neno, na ndipo nilipoona siwezi, kwamba ikiisha hivi ndivyo itakavyokuwa imekwisha.

Simeo alikuwa amefika kizingitini na boksi zito, la jiografia na siasa. Nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani:

"Mtumwa wewe, taratibu! Babu yako alibeba pembe kutoka Tabora mpaka pwani hakuangusha hata moja, wewe vitabu vya watoto vinakutoa jasho? Tulikununua bure!"

Cherehani ikanyamaza. Dereva akapunguza redio, ameshaanza kutabasamu, anangoja jibu. Simeo akasimama. Akaliweka boksi chini, akajifuta uso kwa mkono. Niliona kitu kikimtembea mdomoni, naapa nilikiona.

"Samahani, mama," akasema. "Nitakuwa mwangalifu."

Akainua boksi, akalipeleka kwenye gari.